Vibanzi vya Harusi ya Lela

Majengo ya Pumwani yalikuwa na wanawake wengi wa kujisifu, na wengi wao walikuwa na sababu. Kulikuwa na aliyejua kuimba harusini mpaka bwana harusi akasahau alichojia, na aliyekuwa na nyumba za kupangisha ambaye kila mpangaji alimwogopa kama askari. Lakini Bi Mishi binti Jumbe alijisifia kitu ambacho wenzake walikifanya kila siku bila hata kukifikiria. Alijisifia kuwasha moto.

"Nyinyi hamwashi moto," aliwaambia majirani zake. "Nyinyi mnaubembeleza."

Na haki alikuwa nayo. Asubuhi ungepita ua baada ya ua ukawasikia wanawake wakipuliza, wakikohoa, wakizilaani kuni na aliyeziuza, mwishowe wakizimwagia mafuta ya taa. Kwa Bi Mishi ungesikia njiti moja ya kiberiti, basi. Akilazimika kutumia ya pili alinuna mpaka jioni, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza kulikoni. Mafuta ya taa hayakuvuka kizingiti cha jikoni kwake. Alisema huo ni moto wa wavivu, na mkate wake unanuka taa.

Halafu kulikuwa na stovu yake. Ilikuwa ya chuma, nyeusi, imesimama kwa miguu minne mifupi, mdomo wa kutilia kuni upande mmoja na tanuri yenye mlango wake upande wa pili. Marehemu mumewe, Idarusi, aliyekuwa mtu wa reli, aliinunua mnadani, katika vitu vya mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Aliilaza juu ya mkokoteni akaisukuma kutoka mjini hadi Majengo, watu wakimcheka njia nzima. Nani alipata kuona stovu ya kizungu katika nyumba ya udongo yenye paa la madebe? Idarusi hakujali. Alitoboa paa, akapitisha dohani, akajifuta jasho, akamwambia mkewe, "Haya mama, kazi kwako."

Miezi ya kwanza ilikuwa ya machozi, na si machozi ya moshi peke yake. Bi Mishi alikuwa amezoea mafiga na makaa, na stovu ile ilikuwa na kiburi kuliko yeye. Ilimrudishia moshi wote usoni. Alijifunza taratibu, bila mwalimu, kwamba dohani iliyopoa haivuti, kwa hiyo huna budi kuipasha moto kwanza kwa gazeti lililokunjwa, kabla hujazigusa kuni. Alijifunza kupanga vibanzi vyake kwa kupishana, viwili hivi na viwili vile, hewa ipite katikati. Alijifunza lini kufungua kidude cha kuzibia dohani na lini kukibana. Na siku alipotoa tanurini mikate ya mayai iliyoumuka sawasawa, myekundu ya kupendeza juu na chini, wale waliomcheka Idarusi barabarani walikuja kununua. Tangu hapo mkate wa mayai wa Bi Mishi ukawa ndio mkate wa harusi wa Majengo yote.

Kuchanja kuni ndiko kulikokuwa roho yake. Alikuwa na kishoka cha mpini mfupi ambacho hata Idarusi alikiomba kabla ya kukigusa. Hakukirusha juu kwa mbwembwe kama wafanyavyo wanaume wakitazamwa. Alikigongagonga kichwani mwa kipande mpaka makali yakang'ata, kisha akainua vyote pamoja, shoka na ukuni, akavishusha juu ya gogo. Ukuni ulifunguka wenyewe. Aliendelea hivyo mpaka kipande kinene kama paja kikawa rundo la vibanzi vyembamba vya kulingana, na kidole hakuwahi kukikata.

Na kabla ya yote hayo, kila ukuni aliupeleka puani. Watu walimcheka kwa hilo pia. Lakini yeye aliujua muwati kwa harufu, akaujua mkaratusi, akajua kama kuni imekauka kweli au imekauka nje tu na ndani inalia maji. Alioupenda zaidi ulikuwa mtarakwa, ule mti mwekundu wa nguzo za nyua. Hupasuka wima bila ubishi, na mafuta yake hudaka moto papo hapo. Nguzo kuukuu ya mtarakwa ikiuzwa popote Pumwani, ilikuwa imeshafika kwa Bi Mishi kabla muuzaji hajamaliza kutaja bei.

Huyo ndiye mwanamke ambaye binti yake wa pekee, Lela, alichumbiwa mwaka wa hamsini na saba.

Mchumba alikuwa Yonis, kijana wa Eastleigh, mwana wa Mzee Magan aliyekuwa na duka la jumla la unga na sukari. Lela alikuwa akitumwa huko kununua unga wa mamake, na unga wa nyumba hiyo ukaanza kwisha haraka kuliko kawaida. Kwa Yonis hapakuwa na taabu, kijana mwenyewe mcheshi na mwenye adabu. Taabu ya Bi Mishi ilikuwa mamake Yonis, Bi Jawahir.

Bi Jawahir alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyevaa shuka zake vizuri na kusema maneno machache. Alikuja posani, akakaa, akanywa chai nusu kikombe, akatazama dari. Bi Mishi aliyaona hayo yote akayatafsiri kwa njia moja tu: mama huyu anatudharau, anaihesabu nyumba ya udongo. Alijua kwamba mwaka huohuo Bi Jawahir alikuwa amefiwa na binti yake, Habibo, aliyechukuliwa na homa. Alikwenda hata kuhani. Lakini kiburi kikikutana na kiburi, huzuni haionekani.

"Watakula mkate wangu," alimwambia mdogo wake, Muhiba. "Wakishaula, na waseme tena kwamba mwanangu katoka kwa watu hivihivi."

"Hakuna aliyesema hivyo, dada."

"Watakula."

Mila ya Majengo ni kwamba mama wa biharusi haingii jikoni siku ya harusi. Hukaa, akapambwa, akapokea wageni, na majirani ndio wanaoungua. Muhiba alimkumbusha. Majirani wakamkumbusha. Bi Mishi akasema moto wa harusi ya mwanawe hautawashwa na mtu anayebembeleza.

Basi kulikuwa na mambo mawili ambayo hakumwambia mtu. La kwanza, kuni zilikuwa zimemwishia. Tangu serikali ya mkoloni itangaze Hali ya Hatari, wengi wa waliokuwa wakileta kuni mjini walikamatwa au kurudishwa makwao, na zilizopatikana zilikuwa mbichi. Alibakiwa na nguzo moja ya mtarakwa aliyoificha chini ya kitanda, nayo haikutosha. Kwa bahati fundi Gordon wa Shauri Moyo, seremala aliyekuwa akila mkate wake kila Jumamosi, alimletea gunia zima la masalio ya mbao zake, makavu, mazuri, kama zawadi ya harusi. La pili lilikuwa baya zaidi kwake. Alikuwa na mafua. Pua ilikuwa imeziba kabisa, hasikii harufu ya kitunguu wala ya jasho lake mwenyewe. Alikunywa tangawizi kwa siri, akajifuta kwa pembe ya leso, na Muhiba alipomuuliza mbona macho mekundu akasema ni uchungu wa kumwoza mwana.

Akazichanja mbao za Gordon, akaichanja na nguzo yake, akarundika vyote pamoja. Alipeleka kila kipande puani kwa mazoea. Hakusikia kitu, akaendelea.

Siku yenyewe, baada ya sala ya adhuhuri, ua ulijaa wanawake. Nikaha ingefungwa alasiri, na mikate ilitakiwa iwe tayari wanaume wakitoka msikitini. Muhiba na wenzake walikuwa wameshapiga mayai na sukari mpaka povu limesimama jeupe, na kila anayeujua mkate wa mayai anajua kwamba povu hilo halingoji mtu. Bi Mishi akaipasha dohani, akapanga vibanzi, akawasha njiti moja. Moto ukadaka mara moja, ukavuma. Wanawake wakapiga vigelegele. Akafunga mdomo wa stovu, akasimama mikono kiunoni, kifua kimemjaa.

Kisha vigelegele vikakatika.

Moshi ulikuwa umetoka juu ya dohani, upepo ukaushusha uani, na wanawake wakawa wanatazamana. Mmoja akajifunika pua kwa leso. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele akaacha kuchambua, akasema kwa sauti ya chini, "Inna lillahi." Na wakati huohuo, mlangoni, Bi Jawahir alikuwa ndiyo kwanza anaingia na wanawake wa Eastleigh, masinia ya zawadi vichwani mwao.

Bi Jawahir alisimama. Akalibana sinia lake kifuani.

"Nani amekufa humu?" akauliza.

Bi Mishi akatoka jikoni na tabasamu lake, akazikuta nyuso zile, akashindwa kuelewa. Muhiba akamsogelea sikioni.

"Dada, ni kafuri. Umechoma kafuri."

Bi Mishi aligeuka akautazama moshi. Nani asiyeijua kafuri? Ndiyo itiwayo katika maji ya mwisho ya kumwoshea maiti, ndiyo ipakwayo kabla ya sanda kufungwa. Watoto huijua kwa kupita tu mlango wa nyumba yenye msiba. Na kuna mti wenye harufu hiyohiyo, ambao mafundi hutengenezea masanduku ya nguo ili nondo wasisogee. Kwa Gordon, Mkristo wa watu, hiyo ilikuwa mbao nzuri ya bei, wala hakuwaza kingine. Bi Mishi angeitambua gizani, usingizini. Siku yoyote isipokuwa hiyo.

"Nilimwosha Habibo kwa mikono hii," Bi Jawahir alisema. Hakupaza sauti, lakini ua wote ulimsikia. "Niliombwa niwaachie wengine, nikakataa. Siwezi kumwoza mwanangu katika harufu hii. Mwambieni Yonis turudi nyumbani."

Zogo likaanza. Mmoja wa majirani, aliyemwona Gordon akileta gunia, akadakia, "Ni yule fundi! Amefanya kusudi, mama, si Bi Mishi!" Wengine wakaitikia, ndiyo, ni fundi, ni fundi. Njia ilikuwa nyeupe kabisa. Bi Mishi angenyamaza tu, na jina lake lingebaki safi, na fundi wa watu angelaumiwa kwa wema wake. Alimwona Lela amesimama mlangoni mwa chumba, hina imekauka mikononi, uso umemshuka.

"Gordon alileta zawadi," akasema. "Aliyezichanja ni mimi. Aliyewasha ni mimi. Nina mafua, Mama Yonis. Tangu juzi sisikii harufu ya kitu chochote, na nikaona aibu kusema, kwa sababu nimejisifu sana mbele ya watu hawa kwa pua yangu. Kosa ni langu, si la mwingine."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno kama hayo, na wengine hawakuamini kwamba ni yeye. Naye hakungoja jibu. Alichukua koleo, akaingia jikoni, akaukokota ule moto wote kutoka tumboni mwa stovu, unawaka vilevile, akautia katika karai, akaubeba mwenyewe kupita katikati ya wageni mpaka nje ya ua, akaumwagia maji. Aliungua mkono. Akarudi, akasimama mbele ya Bi Jawahir, amejaa masizi mama wa biharusi, nguo ya harusi imetoboka kwa cheche.

"Nipe pua yako," alimwambia.

"Nini?"

"Mle ndani kuna vibanzi vya mtarakwa na vya kafuri, vimechanganyika. Macho hayatoshi, pale ni giza na mbao za fundi ni za namna nyingi. Pua ninayo hapa ya ndugu yangu. Lakini akinusa yeye, utaamini? Harufu ile hapa hakuna aijuaye kukushinda wewe. Nisaidie, Mama Yonis. Ukikuta kimoja tu ninachotaka kukitia motoni kinanuka kifo, mchukue mwanao uende, nami nitakusindikiza mpaka barabarani."

Lilikuwa ni ombi zito, na Bi Mishi aliujua uzito wake. Wanawake wa Eastleigh walianza kumvuta Bi Jawahir nyuma kwa shuka. Akaitoa shuka mikononi mwao. Akampa mtu sinia lake, akavua viatu, akainama kupita mlango mfupi wa jikoni.

Walichuchumaa pamoja mbele ya rundo. Bi Mishi alimpa kibanzi kimoja kimoja, na Bi Jawahir akakipeleka puani, akakitupa kulia au kushoto. Alipokutana na kafuri ya kwanza mkono wake ulisita njiani na machozi yakamdondoka, akayaacha yadondoke, akatupa kibanzi mlangoni, akanyoosha mkono apewe kingine. Muhiba alichungulia na bakuli lake akanong'ona kwamba povu linaanza kushuka. "Endelea kupiga," Bi Mishi alimjibu bila kugeuka. Hakumharakisha mwenzake hata mara moja.

Baada ya muda Bi Jawahir akashika kibanzi kimoja, akakinusa, akakinusa tena.

"Hii nini?"

"Mtarakwa."

"Inanukia."

"Inanukia sana," Bi Mishi alisema. "Ungejua ninavyoumia kuikosa leo."

Bi Jawahir akacheka kidogo puani, mara ya kwanza tangu ajulikane Majengo. Wakavipata vya kutosha. Bi Mishi akavipanga viwili hivi na viwili vile, akachukua njiti. Mkono ulioungua ulikuwa ukimtetemeka, njiti ikavunjika. Akachukua nyingine, nayo ikazimika. Alikuwa akinyoosha mkono kwenye ya tatu Bi Jawahir alipouweka mkono wake chini ya wa Bi Mishi, akaushikilia kwa nguvu, na njiti ikawaka, wakaiingiza pamoja mdomoni mwa stovu. Moto ulikwenda kibanzi hadi kibanzi, ukanguruma dohani. Uani hakuna aliyepiga kigelegele. Kila mtu alikuwa ameinua uso, anangoja moshi ushuke.

Ulishuka. Yule bibi wa mchele alivuta pumzi ndefu kuliko wote, akaitoa, akarudi kuchambua mchele wake.

Mikate iliingia tanurini. Bi Mishi aliusikiliza moto, akabana kidude cha dohani, akasikiliza, akakibana tena kidogo, na Bi Jawahir akakaa palepale sakafuni, mgongo ukutani, hakuna aliyemwambia atoke. Waliongea kidogo kuhusu Habibo. Alikuwa akipenda kula kingo za mkate na kuwaachia wengine katikati. Msikitini ilipoadhiniwa alasiri Bi Mishi alifungua mlango wa tanuri, na mikate ilikuwa imesimama. Labda povu lilikuwa limepungua kidogo. Labda kwa jicho lake peke yake. Ilikuwa mizuri, alijua ni mizuri, na moyo wake ulijaa mpaka ukamwuma.

Bi Jawahir alikuwa akivitazama viganja vyake, vyeusi kwa masizi ya jikoni.

"Tangu siku ile," alisema, "mikono hii inanuka kafuri. Nimeiosha kwa kila sabuni, nimeifukiza udi. Nikila inanuka. Nikimshika mume wangu inanuka. Watu wanadhani nina maringo siwapi mkono, wallahi nilikuwa naogopa wataisikia." Akainyoosha, akaipeleka mpaka usoni kwa Bi Mishi. "Nusa. Bado?"

Bi Mishi aliishika ile mikono yote miwili, akainusa kwa bidii yake yote.

"Sisikii kitu, mkwe wangu," alisema, maana hakutaka kumdanganya. "Lakini leo mimi si wa kuulizwa. Nusa mwenyewe."

Bi Jawahir akaufunika uso wake kwa viganja vile, mabega yakipanda na kushuka. Alipoviondoa alikuwa na masizi puani na mashavuni kote.

"Na mimi sisikii," akasema.

Akasimama, akalichukua sinia la mkate wa kwanza, lingali la moto, akalishika kwa pembe za shuka yake nzuri. Mama wa bwana harusi habebi chakula katika nyumba ya biharusi, hilo kila mtu alilijua, na watu watatu walikimbia kumpokea. Akawapita wote. Akasimama katikati ya ua na uso wake mweusi vile, akawaambia wa Eastleigh na wa Majengo kwamba waseme bismillahi wale, kwamba moto huu umewashwa na yeye na mkwewe. Bi Mishi alikuwa mlangoni mwa jikoni, anajifuta pua kwa leso mbele ya watu wote. Alisikia, akainua kichwa juu.